Fidla Iliyomponyoka Mtoto Wetu

Nyumba ya kona, nyuma ya karakana ya matairi
Jumamosi asubuhi, tarehe 12 Juni

Mpendwa Shemeji, dada mkubwa wa marehemu mke wangu,

Pokea salamu zangu za heshima. Natumaini hujambo, na kwamba lile goti lililokusumbua wakati wa baridi limekupa nafuu. Mimi sijambo kwa neema ya Mungu, isipokuwa macho, nayo siyalaumu, kwani nimeyatumikisha sana.

Awali ya yote naomba radhi kwa kuchelewa kukujibu. Nimeanza barua hii mara kadhaa, na kila mara nimeishia kwenye salamu, kwa sababu habari niliyonayo haikai vizuri baada ya salamu. Hata sasa naandika nikiinuka-inuka. Gari la bendi litampitia mtoto wetu kabla ya adhuhuri, naye yuko chumba cha pili, anafunga sanduku na kulifungua tena.

Unakumbuka jinsi mlivyoachana. Ulimfundisha fidla tangu vidole vyake havijaufikia uzi wa mwisho, na kanuni yako ilikuwa kidevu kikae juu ya fidla na mdomo ufungwe. Alipokuja kukueleza kwamba amejiunga na bendi ya roki, na kwamba atapiga na kuimba kwa pamoja, ulimjibu kwa methali: mshika mbili, moja humponyoka. Naye akakujibu kwa kuubamiza mlango wako. Tangu hapo hamjaonana. Sikulaumu, Shemeji. Mimi mwenyewe, siku ya kwanza kuyasikia magitaa yao, nilidhani kuna kitu kinaungua jikoni, nikaenda kutazama.

Hata hivyo, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Alianzia kwenye harusi za watu, akafanya mazoezi katika ghala la magunia matupu, nyaya zimetambaa sakafuni kama mizizi. Leo nyimbo zao zinapigwa redioni. Muuza magazeti wa hapa mtaani huniita Baba Roki, jina nililolizoea kuliko inavyompasa mzee wa kanisa.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Ili kinywa kiwe huru kuimba, aliishusha fidla kutoka kidevuni akaiweka kifuani. Kidevu kisipoishika, mkono wa kushoto hubeba kazi mbili: kubonyeza nyuzi na kuishikilia fidla yenyewe. Mwezi uliopita, jukwaani, mkono ulipokuwa ukiteremka kutoka sauti za juu, fidla ilimtoka. Ilianguka mbele ya umati, tena ni ile uliyompa wewe. Nisamehe kwa kukuambia hivi bila kuzunguka. Aliumaliza wimbo kwa sauti peke yake, na watu wakapiga makofi wakidhani ndivyo wimbo ulivyo.

Seremala mmoja mwenye mikono mizuri ameuunga ubavu uliopasuka, na fidla inalia vyema. Aliyeiangusha ndiye ambaye hajapona. Kiongozi wa bendi, mpiga ngoma wanayemwita Kipara, alikuja hapa, akaketi kwenye kiti cha marehemu, akasema, "Dada, wewe imba tu. Fidla tutaiweka kwenye kompyuta. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Nikiiacha nabaki mdomo tu, na mdomo hata wewe unao."

"Wangu watu hawalipii," akasema Kipara.

Walicheka wote wawili, lakini tangu siku ile mtoto hatulii. Huimba bila kupiga, hupiga bila kuimba. Viwili vikikutana tu, mkono unakakamaa. Kipara amempa muda hadi onyesho la huko kwenu, wanakokwenda leo: aishike fidla bila woga, au aiweke chini moja kwa moja.

Nilimshauri aje kwako. Akaniuliza, "Nikamwambie nini, Baba? Kwamba methali yake imeshinda?" Kisha akavitazama vidole vyake, akaongeza, "Na methali yenyewe haikusema ni ipi itakayoponyoka."

Kwa hiyo nakusihi, Shemeji, utazame mkono wake wa kushoto. Hakuna mwingine aliyeufundisha. Mimi sijui kama fidla yaweza kukaa kifuani isianguke. Ualimu wangu ulikuwa wa hesabu. Ukiona haiwezekani, mwambie wewe, kwa maana wewe atakuamini. Ila ile methali, tafadhali, usiitamke pale mlangoni.

Nisalimie kaka yenu mdogo na mkewe, na wajukuu wote, hasa yule anayekuficha miwani. Mungu aliyewapa nyinyi dada wawili sikio moja akulinde na kukuzidishia siku.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye kwa heshima ileile ya ujana wetu.

Honi imelia. Barua hii anaileta yeye mwenyewe. Amekubali kuifikisha, si kuingia. Anasema ataipitisha chini ya mlango na kwenda zake. Ndiyo maana juu ya bahasha nimeandika kwa herufi kubwa: FUNGUA MLANGO KWANZA. Kama nawe macho yamechoka na hukuziona, niwie radhi kwa kukuweka na maneno mengi kiasi hiki. Inuka sasa. Akiwa amebeba fidla hutembea polepole.