Pumzi Tatu za Babu Spana

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimemuua Babu Spana. Imenichukua siku nzima, pamoja na chai.

Yaani nimemaliza kuunganisha kifo chake. Dakika mbili na sekunde arobaini. Hakuna muziki, hakuna mlipuko – katika filamu zetu huo ni muujiza. Anakaa chini kando ya mashine anayoitengeneza tangu sehemu ya kwanza, anafuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. Kidole gumba cha mwisho hakifikii.

Miaka kumi na minne nahariri mfululizo huu, sehemu zote sita, na nilidhani macho yangu yameshaota sugu. Leo nilisahau kusimamisha picha. Nilikaa tu natazama kama niliyekata tiketi.

Mwongozaji aliingia, akaangalia, akatoka bila neno. Kwake hiyo ni sifa.

Alhamisi, 6 Machi

Prodyuza kaja na watu wawili wa kampuni. Wamejazana kwenye kochi langu na kitabu cha masharti. Kipo kweli, kurasa arobaini. Shujaa halii. Shujaa hachoki zaidi ya sekunde tano. Kila baada ya dakika nne mtu achekeshe. Mhusika mwenye mwanasesere dukani asiguswe bila kibali.

Sikichukii kitabu hicho. Katika sehemu ya pili walitukataza damu, ikabidi tuonyeshe kiatu kimoja kimebaki kwenye ngazi. Sijawahi kuunganisha picha nzuri kuliko ile, na isingekuwepo bila wao. Kwa hiyo nisijitie usafi.

Wakatazama kifo. Mmoja alijifuta macho, nilimwona. Halafu akakohoa, akauliza: sasa sehemu ya saba nani atatengeneza mashine?

Ijumaa, 7 Machi

Nimefanya utafiti wangu nyumbani. Binti yangu ana miaka minane na Babu Spana wa plastiki, wanalala mto mmoja. Nikamuuliza, je, akifa? Akafikiri huku anapaka siagi kwenye mkate. Akasema atalia sana. Kisha akauliza ni lini, asije akakosa.

Watu wa kampuni wangeandika nusu ya kwanza tu.

Jumanne, 11 Machi

Nimejipalia makaa mwenyewe.

Nina tabia moja, wenzangu hunicheka: naorodhesha kila kilichomo kwenye kila teki, yaani kila mara tukio linapopigwa. Wengine huishia pale mwongozaji anaposema “kata”. Mimi huendelea mpaka kamera izimwe. Sasa, kifo cha Babu Spana, teki ya saba, kwa mwandiko wangu: “Baada ya kata – macho yanafumbuka, anavuta pumzi, anatabasamu.” Ni mwigizaji tu. Mzee wa watu kamaliza kazi yake, anaamka zake kutoka sakafuni.

Prodyuza kaiona orodha. Kaja mbio, nusura amwage kahawa kwenye kibodi.

“Si unaona? Yuko hai! Na tunayo tayari, hatuhitaji hata kupiga upya.”

Nimebandika kipande hicho mwisho wa tukio. Sekunde kumi na moja. Kimekaa vizuri mno, utadhani kilipangwa. Ndicho kinachoniudhi.

Jumatano, 12 Machi

Wamebishana asubuhi nzima, mimi katikati na kipanya mkononi. Mwongozaji kasema ile ndiyo dakika pekee mpya katika filamu nzima, kwingine kote tunapasha viporo. Prodyuza hakupinga! Kasema tu kwamba viporo hivyo ndivyo vinavyobeba filamu ndogo tatu za mwaka huu ambazo hakuna atakayezitazama. Akazitaja. Ya pili ni ya mwongozaji mwenyewe.

Mwongozaji akanywea. Nikajua imekwisha.

Prodyuza si mtu mbaya. Ningefurahi angekuwa mbaya.

Jumatatu, 17 Machi

Mzee kapiga simu – mwigizaji wa Babu Spana. Miaka sabini na sita, sauti bado inajaza chumba. Ameitwa kesho kurekodi, hawakumwambia nini. Huenda mguno, kasema, siku hizi wananiita kwa miguno.

Kumbe sehemu hii aliikataa mara mbili. Walimpata kwa kumwahidi kifo.

“Nimeshika spana miaka kumi na minne, mwanangu. Siku ile peke yake ndiyo niliyoigiza. Kimetoka vizuri?”

Nikamwambia kimetoka vizuri sana. Si uongo. Nikaishia hapo, na mpaka sasa naona aibu.

Jumanne, 18 Machi

Saa nne na robo asubuhi. Naandika hapahapa mezani.

Mzee kafika kabla ya wakati, kanyoa ndevu, koti limepigwa pasi. Shikamoo, marahaba, habari za mtoto. Nikampa karatasi ya agizo: “Pumzi tatu. Ya tatu iwe ya matumaini.” Akaisoma mara mbili. Akaomba aone kwanza anachopumulia.

Nikamwonyesha. Wakati wa kifo hakujongea. Macho yalipofumbuka kwenye skrini, akasogeza kiti mbele.

“Huyo siye Babu Spana,” akasema. “Huyo ni mimi. Natafuta miwani yangu.”

Akauliza nani alikiona kipande hicho.

“Ni mimi, mzee wangu. Nilikiandika.”

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Akavua koti, akalitundika vizuri, akaingia kwenye kibanda cha sauti na kufunga mlango. Akavaa hedifoni. Akanipungia mkono kupitia kioo: niko tayari.

Nimewasha taa nyekundu ya kurekodi. Picha imepita mara ya kwanza. Nikadhani amechelewa kidogo, nikarudisha nyuma. Imepita mara ya pili. Ya tatu.

Anaitazama yote, mpaka mwisho. Mikono juu ya meza, mdomo kaufumba. Hana hasira hata kidogo usoni. Maikrofoni ile inanasa hata kitambaa kikisugua kitambaa, lakini mstari wa sauti kwenye skrini yangu umenyooka.

Prodyuza amepiga kutoka ghorofa ya juu, anauliza kama tumeshapata. Nimesema bado. Kasema basi anashuka.

Nasikia lifti. Nimerudisha picha mwanzo, mara ya nne, na taa sijaizima.