Wanamtaka Mmoja Tu

Jumatatu, 3 Machi

Mwaka umetimia tangu tumzike fundi cherehani, mpangaji wangu wa chumba cha uani. Nimewapeleka wanawe makaburini. Sikukaa sana. Magoti yangu hayaitaki tena ardhi.

Mumewe alianguka kutoka juu ya paa alilokuwa akiezeka, akafa, mtoto wa pili akiwa bado tumboni. Kwa hiyo siku ya mazishi wale wasichana wawili walibaki hivi hivi. Ndugu walisema tutaona. Tulipomaliza kuona, watu walikuwa wamekwenda zao, na watoto wamelala kitandani kwangu.

Mkubwa anamaliza shule ya msingi mwaka huu. Mdogo wake humwita Dada, nasi wote tumemfuata. Mdogo ana miaka sita. Tunamwita Kidonge kwa udogo wake. Leo Kidonge ameuliza kama mama anasikia baridi kule chini. Dada amemjibu kabla yangu: hasikii, amejifunika vizuri. Nami niliyesahihisha watu maisha yangu yote sikusahihisha.

Jumanne, 4 Machi

Nimechoka. Naandika hivyo waziwazi kwa kuwa hapa hakuna wa kunionea huruma. Nimefundisha, nimelea wanangu, nimemuuguza mume wangu hadi mwisho. Nilidhani zamu yangu imekwisha. Mtoto kama Kidonge anahitaji mtu anayeweza kukimbia. Mwezi uliopita nilimweleza mama mchungaji hayo, nikamwomba aniulizie kwa ndugu wa watoto.

Ameulizia. Baba yao mdogo amenipigia simu mchana. Nilimfundisha zamani, bado ananijibu kama yuko darasani. Mkewe amejifungua mapacha. Yuko tayari kumchukua Dada, amsomeshe, naye asaidie nyumbani. Nikauliza: na mdogo? Akasema nyumba ni ndogo, Mwalimu, na Kidonge bado ni wa kulelewa.

Anamtaka wa kulea, hamtaki wa kulelewa. Angalau hakunidanganya.

Anakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Sijawaambia watoto. Nimemweleza mama mchungaji peke yake, aniombee nipate maneno.

Alhamisi, 6 Machi

Kikundi cha akina mama kimesali kwangu leo. Utaratibu wetu ni ule ule: tunaimba, tunasoma, kisha kila mmoja anaombea nyumba iliyotupokea, kwa sauti, macho yamefumbwa. Watoto hukaa mkekani pamoja nasi.

Mama mchungaji aliomba wa mwisho. Ana sauti nzuri, na hana breki. Alianza na magoti yangu. Akaingia kwa baba mdogo na mapacha wake. Nilidhani atakata kona — hakukata.

"Na huyu mdogo, Baba, atakapobaki peke yake bila dada yake, uwe wewe wa kumlaza."

Wote wakaitikia Amina. Nilifumbua macho. Kidonge alikuwa amefumbua yake, anamtazama dada yake. Dada bado alikuwa amefumba, ameyakaza kama mtu aliyeingiwa na sabuni.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya chumbani humo. Hilo ndilo linalonichosha zaidi. Jambo tunaloshindwa kumwambia mtoto, tunamwambia Mungu, mtoto akiwa amekaa hapo hapo na masikio yake mawili.

Mama mchungaji alijishika mdomo aliponitazama usoni. Mlangoni ameniambia alidhani nimekwisha kuwaambia. Wenzake walikunywa chai. Mmoja akauliza kama kuna sukari zaidi.

Ijumaa, 7 Machi

Sala ya jioni. Kwa kawaida Kidonge huombea kila kitu anachokiona: kuku wa jirani, sufuria lililotoboka, mjusi wa ukutani aliyekatika mkia. Kila siku humwambia afupishe, chakula kinapoa.

Jana alisema Amina tu. Leo pia. Nikamwambia aendelee. Akasema ameshamaliza.

Sikujua kwamba nitamkosa yule mjusi.

Jumapili, 9 Machi

Mchungaji amehubiri juu ya wajibu wetu kwa yatima na wajane. Benchi letu lilikuwa na wote hao, na kanisa zima liligeuka kututazama. Mama mchungaji tu ndiye aliyeangalia sakafu.

Baada ya ibada mzee wa kanisa, yule seremala, alinishika mkono. Akasema ni neema kubwa mmoja kupata pa kwenda. Nikauliza, na mwingine? Akasema Mungu ana mpango. Nikamwuliza kama yeye amekwisha kuelezwa huo mpango, maana mimi bado. Mke wake akamvuta shati.

Ulimi wangu! Nitamwomba radhi. Si leo.

Jumatatu, 10 Machi

Nimewakuta uani. Dada anamfundisha Kidonge kufunga vifungo vya mgongoni: livae gauni nyuma mbele, funga, kisha lizungushe. Kidonge alikwama katikati, mikono imenaswa ndani. Dada akamwambia atoe, aanze upya. Kwa sauti yangu kabisa, ile ya mbele ya ubao.

Halafu soksi. Halafu kuchana nywele bila kulia. Kidonge akauliza nani atamkuna mgongo. Dada alifikiri kwa makini, akamwambia ajikune ukutani, ng'ombe wote hufanya hivyo. Kidonge akajaribu papo hapo, akalia moo. Wakacheka mpaka wakakaa chini.

Nimerudi ndani bila kuchukua nilichokifuata.

Nilitazamia Dada akatae, apige kelele, nami nipate la kushika. Hakukataa. Mtoto anajiandaa kama mtu mzima. Mtu mzima mwenyewe yuko dirishani, amejificha nyuma ya pazia.

Jumatano, 12 Machi

Zahanati asubuhi. Daktari anasema presha imepanda na magoti hayatarudi yalivyokuwa. Akauliza ninaishi na nani. Nikamweleza. Akasema nipunguze mzigo. Kijana mzuri, ana haraka.

Jioni nilimwita Dada jikoni, nikampa mchicha auchambue ili mikono yake iwe na kazi. Nikamweleza yote kama nilivyopaswa kumweleza mwanzoni: baba mdogo, mapacha, shule, Jumamosi. Alisikiliza. Nikamwambia aulize chochote. Nilidhani atauliza juu ya shule.

"Bibi, ukifa, Kidonge ataenda wapi?"

Hata wanangu hawajawahi kuniuliza hivyo. Wao huuliza kama ninakunywa dawa. Nikamjibu sijui. Miaka yote darasani sikumpa mwanafunzi jibu hilo, hata lilipokuwa ndilo la kweli.

Akaitikia kwa kichwa, kama aliyekuwa akilijua. Akamaliza kuchambua mchicha.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeamua. Wote wawili, au hapana hata mmoja. Mama mchungaji sijamwambia. Nampenda, lakini safari hii Mungu atalisikia kwangu kwanza.

Jumamosi, 15 Machi

Amefika asubuhi. Ameota kitambi. Nilipoingia sebuleni alisimama wima, mikono nyuma — mtu mwenye mapacha! Nikamwambia akae.

Amemletea Kidonge mwanasesere wa kumfariji. Kidonge akasema asante, akamkalisha mwanasesere kwenye kiti, hakumgusa tena.

Nilimwambia bila kuzunguka. Mwanzoni alitabasamu, akidhani natania. Kisha akaanza: Mwalimu, chumba ni kimoja cha watoto, Mwalimu, mke wangu hajapona vizuri, Mwalimu, huyu mdogo nani atampeleka shule. Yote ni kweli, sikuyapinga. Nikamwuliza kama yeye na marehemu kaka yake walilelewa nyumba mbili. Akatazama viatu vyake.

"Mwalimu, unanipa mtihani."

"Ndiyo," nikasema. "Na yuko mwenzako wa kusaidiana naye. Mpigie."

Ametoka kwenda barazani na simu. Mimi nimeingia chumbani, nikafunga mlango. Watoto wako kitandani kwangu. Begi la Dada limefungwa, liko mlangoni. Kidonge amevaa viatu vya shule, ameshika sweta. Hakuna aliyemwambia avae. Vifungo vya gauni amevifunga mwenyewe. Amevipishanisha.

Dirisha liko wazi, namsikia upande wake tu. Sikiliza kwanza, mke wangu. Hapana, wote. Wote wawili. Najua. Najua ni mdogo. Kisha nyayo zake, zikienda na kurudi.

Nikawaambia tuombe. Kidonge akauliza, tuombe nini?

Swali la haki kabisa. Yule mwanamke akikubali, wanaondoka wote leo. Nitalala mchana kama daktari anavyotaka, na nyumba itanyamaza, nami nitakuwa nimewapeleka kwa mtu ambaye amelazimishwa kusema ndiyo. Akikataa, wanabaki wote kwangu, na presha hii, na swali la Dada ambalo bado halina jibu. Nilipokuwa nikiamua, jana, niliona njia moja tu iliyo sawa. Sikuangalia inakwenda wapi.

Wamekwisha kupiga magoti kando ya kitanda, macho wamefumba, wamenibakizia nafasi katikati. Wananisubiri nianze. Nimewaambia dakika moja, nimeshika kalamu, kana kwamba jibu litatoka humu.

Sijui niombe lipi.

Nje nyayo zimesimama. Amesema, haya, nimekusikia. Lakini bado hajaingia.