Kuku Aliyeitwa Dafroza

Jumamosi, 14 Desemba 1985. Musoma

Tumefika! Siku kumi na moja tangu tutoke Serowe, Botswana. Basi, kivuko, basi, treni, treni tena, na leo meli ya kutoka Mwanza. Mume wangu Pastory ameshuka na poti la mtoto limefungwa juu ya begi, na tai shingoni. Tai! Eti mwalimu harudi kwao kama mkimbizi.

Kaka Felisian alikuwa bandarini tangu asubuhi. Amezeeka. Alinishika mikono yote miwili, kisha akamchukua binti yetu Marieta na kumgeuza kichwa, akamtazama masikio. Ya mama haya, akasema. Ndipo tukalia, yeye na mimi, watu wanapita na magunia ya dagaa na kutukwepa.

Mama alifariki mwezi wa sita. Barua ilifika Botswana wiki tatu baadaye, na mimi nina mimba ya miezi minane. Hata ingefika siku ileile nisingeweza kusafiri. Najiambia hivyo kila siku.

Niandike hapa ninachotaka, maana mdomoni hakitatoka. Marieta ni jina la cheti tu. Tuliliandikisha kwa haraka, nesi amesimama na kalamu. Jina la nyumbani bado, na wakwe zangu Butiama wanatusubiri walitoe kabla ya Krismasi. Mtoto wa kwanza huchukua jina la marehemu wa upande wa baba. Ndiyo desturi, najua. Mimi nataka aitwe Nyamburi. Jina la mama yangu.

Jumatatu, 16 Desemba. Musoma

Madukani kuna vitu! Tulipoondoka miaka mitatu iliyopita rafu zilikuwa na vumbi na picha ya Rais. Leo kuna sabuni, mafuta ya kupikia, vitenge vya kila rangi. Watu wanaingia, wanatazama, wanatoka mikono mitupu. Pastory ameumia kidogo. Tumebeba miche ishirini ya sabuni kupita nchi tatu! Lakini wifi Marcelina, mke wa Felisian, aliinusa yake akafumba macho, akaenda kuiweka kabatini katikati ya nguo zake za kanisani. Haiogewi hiyo, akasema. Pastory akafurahi tena.

Marieta analia kila jioni, taa zikiwashwa tu. Wifi anasema analilia jina huyo, mkimchelewesha atawaaibisha. Felisian anasema analilia treni, amezoea kutikiswa. Akamweka begani akazunguka naye uani akipiga honi na kuita stesheni zote mpaka Tabora. Jirani akachungulia akauliza kama treni hiyo inachukua abiria. Marieta alinyamaza hadi Shinyanga tu.

Jumatano, 18 Desemba. Nyamuswa

Jana basi hadi Bunda, chai Kabasa kwa rafiki wa Felisian, halafu lori la mtu aliyekuwa anapeleka mabati. Nimefika nyumbani. Nyumba ya mama imefungwa kwa kamba ya katani, kufuli limepotea.

Kaburi liko upande wa mihogo. Wamelizungushia mawe. Nilikaa chini nikamlaza Marieta kwenye kanga pembeni, akawa anashika majani. Nilidhani nitakuwa na mengi ya kusema. Nilikumbuka tu jinsi mama alivyokuwa anacheka kabla ya kusema kichekesho, mpaka wakati mwingine hakifiki.

Halafu mama mdogo Gati akaniita nyuma ya jiko. Njoo umwone mwenzako, akasema.

Niandike habari hii nisije nikaisahau. Mama alikuwa na tabia yake. Mtu akimwahidi kuja kumsalimu na asije, mama anampa kuku jina la mtu huyo. Anamwita kwa jina hilo kila asubuhi, anamsema, anamgombeza. Siku mwenyewe akifika, kuku wake anachinjwa, na mgeni analishwa bila kujua. Paroko mmoja alikula Paroko na akaomba aongezwe! Tulikimbilia shambani kucheka.

Mama mdogo alinyoosha kidole. Kuku mwekundu, mzito, amenyonyoka shingo. Huyo ni Dafroza, akasema. Jina langu.

Kumbe niliandika barua mwaka juzi kwamba nitakuja Krismasi. Sikuja. Pesa za safari zilinunua jiko la gesi.

Mama mdogo anasema kwenye kilio walichinja kuku wote, isipokuwa huyu. Nani angemla Dafroza na mwenyewe hajafika? Sasa umefika, mwanangu. Akainama akamkamata, miguu juu, kuku anapiga kelele. Nikamwambia amwache. Mbona umefika? Nikasema bado sijafika, mama mdogo.

Akamwachia. Tumekula mlenda.

Ijumaa, 20 Desemba. Nyamuswa

Mama mdogo amenieleza jinsi jina linavyotolewa kwa wakwe zangu. Si tofauti sana na kwetu. Shangazi wa baba anaita jina la marehemu, mtoto anawekwa titi. Akinyonya, amelikubali. Akikataa, si lake, linaitwa lingine. Basi mtoto anachagua mwenyewe, nikasema. Mama mdogo akacheka kama mama. Mtoto mwenye njaa anakubaligi jina lolote, akasema. Kwa hiyo anayeanza kuita ndiye anayeshinda. Na huko wataanza na wa kwao.

Pastory ameniahidi atasema na shangazi yake. Ameapa kwa chaki. Nampenda akiapa kwa chaki.

Jumapili, 22 Desemba. Butiama

Mapokezi! Vigelegele kuanzia barabarani. Baba mkwe tumemletea mawe ya redio, manane. Redio yake ilikuwa bubu tangu Pasaka. Aliyatia palepale na sasa tunasikiliza taarifa ya habari sisi na kijiji kizima.

Shangazi Nyangi, dada yake baba mkwe, ndiye mwenye neno hapa. Mwembamba, mrefu, kiko mdomoni. Alimzunguka Pastory mara moja. Umenenepa kama karani wa pamba, akamwambia, na hiyo kamba shingoni nani amekufunga? Watu walicheka mpaka Pastory akailegeza tai.

Mimi ananiita mke wetu. Alimpokea Marieta kwa mikono miwili, polepole, kama mtu anayepokea maji yaliyojaa. Akatangaza: jina ni Wegesa, Jumanne asubuhi. Wegesa alikuwa mama yake.

Nikamtazama Pastory. Pastory akakohoa. Shangazi, kuna jambo. Jambo gani? Pastory akainua kikombe. Chai hii nzuri sana, shangazi.

Jumatatu, 23 Desemba. Butiama

Nimemkasirikia mume wangu kwa saa mbili. Zaidi ya hapo sikuweza, maana nilimkuta nyuma ya nyumba anafua nepi, amejificha ili shangazi zake wasimwone. Povu mpaka kwenye viwiko. Amesema atasema kesho, kabla hawajaanza. Mtu anayefundisha hesabu vijana arobaini na wanatulia kimya, anamwogopa bibi mmoja mwenye kiko!

Na mimi je? Mimi sijajaribu hata kukohoa.

Jumanne, 24 Desemba. Butiama

Naandika mchana, ndani, mtoto amelala mapajani. Wengine wote wako nje. Wanasubiri.

Nianze na kosa langu. Asubuhi, kabla wenzangu hawajaamka, nilimpeleka Marieta nyuma ya jiko nikamnyonyesha. Kulia, kushoto, kulia tena. Akikataa nilimbembeleza. Mpaka maziwa yakamtoka pembeni mwa mdomo. Nilijua ninachofanya. Nilitaka akatae majina yao yote. Nilifika hapo tu kwa mawazo. Baada ya hapo sikuwa nimefikiri.

Wakakusanyika mlangoni. Baba mkwe kwenye kiti, redio imezimwa kwa heshima. Pastory na tai yake. Shangazi kiko mdomoni, mkono mmoja kichwani kwa mtoto.

Wegesa! Nikamweka titi. Marieta akageuza uso.

Shangazi akaita tena, kwa sauti ya chini. Wegesa. Akageuza tena. Nilimwona shangazi anameza mate.

Nyabise! Akapiga chafya. Watu wakacheka. Robi! Kwikwi. Baba mkwe akasema basi labda ni mwanamume huyo. Nyanjige! Shangazi akambeba mwenyewe, akamwinua, na Marieta akamtapikia maziwa kwenye kitenge kipya. Maziwa mengi, meupe, tena mabichi.

Shangazi akayatazama yale maziwa. Akanitazama mimi.

Hapo ndipo Pastory alipopata sauti. Shangazi, kuna jambo. Mke wangu alikuwa na mama. Alilisema mbele ya wote, na nitalikumbuka hata nikizeeka.

Shangazi akawaambia wote watoke waende uani. Wewe pia, karani wa pamba. Tukabaki wawili na mtoto.

Umemshibisha, akasema. Nikasema ndiyo, shangazi. Nisamehe. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Akafuta kitenge kwa kidole gumba, akasema: Wegesa amenizaa mimi, mke wetu. Unafikiri nilikuwa nakuonea? Akaniambia mama yake hakuwahi kupita karibu na ng'ombe bila kumsalimia, hata wa watu, hata wa mnadani. Mimi nimekaa miaka kumi na mbili tangu afariki nasubiri Pastory apate binti, akasema.

Mimi sikuwa nimelifikiria hilo. Hata kidogo. Nilidhani mimi peke yangu ndiye niliyefiwa na mama.

Kisha akauliza: wako aliitwaje?

Nyamburi, nikasema. Nilikuwa sijalitamka kwa sauti tangu barua ile. Nyumbani sisi tulisema mama tu.

Alikuwaga mtu wa namna gani?

Nikamwambia habari za kuku. Za Paroko aliyekula Paroko. Shangazi alicheka mpaka kiko kikamdondoka, akaniomba nirudie hapo pa kuongezwa. Angenipa kuku mimi pia, akasema, namwahidiga kila mtu na siendi popote. Halafu akauliza: na wewe, alikupa?

Nikasema yupo. Mwekundu. Bado anatembea.

Akaacha kucheka. Akaokota kiko, akagonga majivu ukutani. Mwache mtoto alale, akasema. Akiamka ana njaa ya kweli, na njaa haijui ujanja. Tutaanza upya, mara moja tu. Akatoka.

Hakusema ataanza na jina la nani. Yeye anajua, na mimi najua, kwamba litakaloitwa kwanza ndilo litakalobaki.

Jua limehama kutoka mlangoni hadi kwenye mtungi. Namsikia nje anamsimulia baba mkwe habari za Paroko. Amekosea, amesema Paroko alikula mapaja mawili, lakini sitamsahihisha. Sasa wamenyamaza.

Nimejiuliza kama akiita Wegesa nitamzuia mtoto. Hapana. Nitampa titi, na nitamwita Wegesa kwa moyo wote, na nitajifunza kusalimia ng'ombe. Nimeandika hivyo ili nisigeuke.

Marieta amefumbua macho. Anakunja ngumi. Mdomo unatafuta.

Shangazi amesimama mlangoni. Kiko hana, amekiacha nje. Anaingia, ananawa mikono kwa maji ya mtungi, polepole, mpaka viwiko. Weka hiyo kalamu, mke wetu, anasema, kisha uniambie tena, ni Nyamburi wa nani?