Naomba Kusomwa

Jumatatu, 5 Mei 2025

Mizani asubuhi: kilo hamsini na moja na nusu. Chai. Nusu kipande cha mkate.

Nimeamua. Naomba chuo cha udaktari. Nina miaka sabini na minne na moyo unaofanya robo ya kazi yake – ndivyo alivyosema daktari wa moyo, akaonyesha kwa mkono kama mtu anayepima unga.

Siombi kusoma. Naomba kusomwa. Kumbe kuna vyuo vinavyopokea miili ya watu waliojiandikisha wakiwa hai. Mtu akifa, wanafunzi wanamfungua, wanajifunza. Sikujua. Karatasi yake ilikuwa kwenye chumba cha kusubiri, kati ya karatasi ya sukari na karatasi ya kuacha sigara. Niliikunja nikaitia kwenye Biblia, kama mwizi.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichojazia daftari la wagonjwa kule kambi ya wakimbizi, Kibondo, miaka kumi na moja. Kirundi ni cha kusali. Kifaransa kilikuwa cha shule. Mambo ya mwili nayajua kwa Kiswahili.

Jumatano, 7 Mei

Ikirezi, mjukuu wangu, amenichapia fomu za vyuo vitatu kwenye printa ya shule yao. Namwuliza kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza, ndivyo tunavyoishi huku Australia. Alisoma ukurasa wa kwanza. Halafu: "Babu, this is for dead people."

Nikamwambia ni za wafu kweli, ndiyo maana nina nafasi nzuri.

Hakucheka. Kisha akacheka, akajifuta macho kwa mkono wa sweta. Ameahidi kutomwambia mama yake mpaka niseme mwenyewe.

Basi nimezitandaza fomu kitandani. Cha kwanza ni kile chuo kikongwe cha mjini, kuta za mawe, kimejaa picha za maprofesa. Hicho kinaweza kukaa na mtu miaka mingi kabla ya kumrudisha. Cha pili kiko kusini, pwani, na fomu inasema hawafuati mtu mbali namna hii. Aliyefia huku kwetu Penrith hayumo. Cha tatu ni cha huku kwetu magharibi. Kipya. Sikijui.

Vyote vinataka mtu asiwe mzito sana wala mwepesi sana. Chini ya kilo hamsini hawapokei. Na hata ukiwa umeandikishwa, jibu la mwisho linatoka siku ya kufa. Yaani mtihani wenyewe ni siku hiyo.

Mwaka 1971 chuo cha udaktari cha nyumbani kilitaka alama za hesabu na biolojia. Nilikuwa nazo. Barua ya kukubaliwa ilikuja nyumbani kwa mama, karatasi nzito ya rangi ya maziwa. Nilikuwa nianze Oktoba 1972. Mwezi wa tano mwaka huo askari wakaanza kuwachukua watu majumbani, wenye shule kwanza, wasirudi. Nilivuka kwenda Kongo na shati moja. Barua ilibaki ndani ya debe la maharage.

Nimekiwaza chumba kile cha kusomea miili miaka hamsini na mitatu. Meza ndefu, dirisha la juu, harufu kali, vijana wamenyamaza. Sijawahi kukiona. Ninachotaka ni kuingia mlango ule. Hata kwa kubebwa.

Ijumaa, 9 Mei

Hamsini na moja kamili. Miguu imevimba lakini mikono inaisha. Nimekula yai ambalo sikulitaka.

Jumapili, 11 Mei

Siku ya akina mama, kanisa limejaa maua ya dukani. Na aibu yangu pia ilikuwapo.

Gloriose, binti yangu, alimsikia Ikirezi akiongea kwenye simu juu ya fomu za Babu za chuo cha udaktari. Akaelewa alivyoelewa: Papa, yaani mimi baba yake, anarudi shule. Akawaambia wenzake wa kwaya. Mpaka ibada inaisha, kanisa zima lilikuwa linajua.

Térence, shemasi wetu, mtu wa utani, alinikamata mlangoni. "Daktari, utakaa dawati la mbele au la nyuma?"

Nikamwambia nitalala mezani.

Walicheka sana. Walidhani nasema uvivu wa wanafunzi.

"Na mtihani, mzee wangu?"

"Watafanya wenyewe. Mimi nitakuwepo tu."

Hata Gloriose alicheka, mkono begani kwangu, na sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu zamu zake ziongezwe. Ndipo akaja Spéciose. Spéciose ni mjane, anakaa Auburn, tulikuwa naye kambi moja. Kila Jumamosi anapanda treni na sufuria ya uji wa ulezi imefungwa kwa kitenge, saa nzima, ili tule pamoja, bakuli lake na bakuli langu. Akawakemea wote. "Mnamcheka nini? Huyu alikuwa daktari wetu kabla walimu wa huko hawajaota meno. Wampe tu cheti chake."

Nikasema nimechoka, nirudishwe nyumbani.

Jumanne, 13 Mei

Nimemwambia Gloriose. Alikuwa anakunja nguo. Nilimweleza taratibu, neno kwa neno: si kusoma, kusomwa. Alidhani nimekosea Kiswahili. Nikampa fomu. Akaona picha ya kwanza, akairudisha mezani imefunikwa kifudifudi.

"Papa. Mimi kazi yangu unaijua."

Ninaijua. Anaosha wazee wa watu kwenye nyumba ya wazee kule Smithfield.

"Nikimwosha mtu namfunika shuka. Naosha mkono, naufunika. Naosha mguu, naufunika. Hata akiwa hana akili tena, hata akiwa amekufa, sijawahi kumwacha mtu wazi. Halafu baba yangu alazwe uchi mbele ya watoto wenye visu?"

Nikasema wanafunika pia, imeandikwa.

"Na mimi nitakaa wapi? Watu watakuja kulia hapa, watauliza kaburi, nitawaambia nini? Yuko shule?"

Akaendelea kukunja, suruali ileile mara mbili. Halafu akasema lile lililonichoma: "Wewe ni daktari tayari. Umetibu kambi nzima. Unatafuta nini kwa hawa?"

Fomu inataka sahihi mbili zaidi ya yangu: ndugu wa karibu na shahidi asiye ndugu. Gloriose alisoma hapo mwishoni, akafikiri, na nikamwona akipata njia. "Sawa. Mwombe mama Spéciose awe shahidi. Akisaini yeye, nasaini mimi."

Anajua Spéciose hawezi. Spéciose hata nywele zake zilizokatwa huzifukia. Gloriose amefunga mlango kwa adabu na kuniachia ufunguo usiofungua.

Ila hajui kwa nini ufunguo huo unaniogopesha.

Jumatano, 14 Mei

Niandike sasa, mkono ukiwa bado unashika kalamu.

Sikuwa daktari. Sikuwahi kuwa daktari. Kule Kibondo niliajiriwa zahanati kuwa mkalimani wa mganga wa kizungu, kwa sababu nilijua Kifaransa na Kiswahili. Mkataba wake ulipoisha aliniachia koti jeupe, la zamani, la kuvaa wakati wa baridi. Mtu wa kwanza aliyeniita Daktari nilimsahihisha. Wa pili pia nilimsahihisha, akacheka, akaona ni unyenyekevu. Wa tatu nilimwitikia.

Sikuuza dawa. Sikumpasua mtu. Nilisafisha vidonda, niligawa vidonge nilivyoonyeshwa, niliandika daftari kwa mwandiko mzuri. Mara nyingi nilipatia. Hilo ndilo lililoniharibu.

Mwaka 1998 Salvator, mume wa Spéciose, alikuja siku ya Jumatatu ameinama. Fundi wa matofali, mtu wa mabega. Alikuwa ameshika tumbo. Daktari wa kweli alikuwa anakuja Alhamisi. Ningeweza kuandika karatasi, gari la kambi limpeleke hospitali ya wilaya siku ileile. Lakini wiki iliyotangulia nilikuwa nimempeleka mtu kwa gari hilohilo, ikawa ni gesi tu, wauguzi wa kule wakacheka, wakauliza nilisomea wapi. Sikutaka kuulizwa tena.

Nikasema minyoo. Nikampa vidonge. Jumanne akarudi, nikamwambia vinafanya kazi, avumilie. Jumatano hakuweza kutembea, nikaenda mwenyewe na koti langu, nikakaa naye.

Alhamisi daktari alimgusa mara moja tu. "Kidole tumbo. Kimepasuka." Gari. Alifia njiani.

Msibani Spéciose alinishika mikono miwili akanishukuru kwa kukaa na mume wake. Nikaipokea asante ile. Nimeipokea miaka ishirini na saba, kila Jumamosi, na ina ulezi ndani.

Kwenye fomu za kuja Australia niliandika kazi yangu: mkalimani. Serikali ya watu nimeiambia kweli. Watu wangu ndio sikuwaambia.

Basi, Gloriose, hicho ndicho ninachotafuta kwa hawa. Nataka kijana mmoja aweke kidole pale, chini, upande wa kulia, kwenye tumbo langu, mpaka asikose tena.

Jumamosi, 17 Mei

Spéciose amekuja. Nilikuwa nimepanga maneno. Aliniambia habari za reli kufungwa, za mwanawe, za bei ya ulezi kwenye duka la Wasomali. Nikala mabakuli mawili kwa woga. Akafurahi. "Ona, Daktari, leo umekula kama mtu."

Akaondoka na treni ya saa tisa. Sikusema.

Hamsini na nukta nane.

Jumanne, 20 Mei

Hamsini na nukta tatu. Daktari ameongeza dawa ya kutoa maji mwilini. Navimba kidogo, napungua zaidi. Maji yale yalikuwa yananisaidia kwenye mizani.

Ikirezi ananishauri nijipime na koti na viatu. Nimemwambia huo ni wizi wa mtihani. Akauliza kama mwaka 1971 sikuibia hata kidogo. Nikasema hata kidogo. Nimeanza baadaye.

Nimechagua chuo. Kile cha mawe cha mjini nimekirudisha kwenye Biblia – ndicho nilichokiota, kinafanana na ndoto yangu dirisha kwa dirisha, lakini hakinihitaji. Cha huku magharibi Ikirezi alinionyesha picha za wanafunzi wake kwenye simu. Nyuso za watoto wa hapa hapa. Mmoja hapo lazima baba yake anapakia maboksi Smithfield. Mmoja lazima ana jina ambalo mwalimu analitamka vibaya kila asubuhi naye anaitika tu. Nataka huyo anisome.

Nimejaza kwa herufi kubwa. Jina la mwombaji. Tarehe ya kuzaliwa: moja Januari, kama tulivyopewa wakimbizi sote. Panapouliza kazi niliyofanya, nimeandika: mkalimani.

Ijumaa, 23 Mei

Nimelala sana. Gloriose ameniosha leo, mara ya kwanza. Mkono, akaufunika. Mguu, akaufunika. Alipofika tumboni alipunguza kasi, kama mtu anayesoma kitu.

Sina Jumamosi nyingi.

Jumamosi, 24 Mei

Hamsini na nukta moja. Naandika hapa kwenye kiti changu cha sebuleni, Spéciose yuko jikoni.

Nimemwambia.

Alikuwa ndiyo kwanza anafungua kitenge cha sufuria. Nilimwomba akae, hakukaa. Niliona nikianza na fomu nitakwama, nikaanza na Salvator. Nilisema yote: koti, gari ambalo sikuliita, wauguzi waliocheka, minyoo. Niliita ugonjwa kwa jina lake. Gloriose alikuwa mlangoni na kikapu cha nguo, hakukiweka chini.

Spéciose alisikiliza ameshika kifuniko cha sufuria. Nilipomaliza aliuliza jambo dogo. "Hicho kidole tumbo kiko upande gani?"

Nikaweka mkono kwenye tumbo langu, chini kulia.

"Ndiyo," akasema. "Siku zote tatu alishika hapo. Hakuwahi kushika pengine." Halafu akaniangalia. "Na wewe ulimwona anashika hapo?"

Nikasema nilimwona.

Akarudisha kifuniko juu ya sufuria. Kisha: "Na wewe siyo daktari."

"Siyo daktari."

"Basi nilikuwa nakuita nani?"

Hakungoja jibu. Akachukua sufuria yake, na uji ndani, akaenda jikoni. Nikasikia maji yakifunguliwa, yakimwagika tu, bila kitu kuoshwa.

Gloriose ameweka kikapu chini hatimaye. Ameketi mbele yangu, ameichukua fomu, ameigeuza, anaisoma tangu ukurasa wa kwanza. Polepole, kidole chini ya mstari. Amefika panapouliza kazi. Amekaa hapo. Hajaniangalia. Kalamu iko mezani, katikati yetu.

Maji yamefungwa.

Kabati limefunguliwa. Nimesikia bakuli moja likiwekwa. Kila Jumamosi ni mabakuli mawili. Gloriose naye ameinua kichwa, anasikiliza kama la pili litafuata.