Aliambiwa Ficha, Akaficha

Shangazi Haula, shikamoo, naomba unishike mkono maana tangu juzi niko kama mtu aliyelala macho wazi, napika wali unaungua huku nautazama. Mimi nimezaliwa hapa Palma, ila mama alipofariki, baba mdogo, ambaye ni mwalimu, alinichukua hadi Pemba, ule mji wa huku kwetu Msumbiji, nikakulia nyumba ambayo hata chumvi mezani huombwa kwa Kireno, na kaka yangu Shaweji akabaki kwa bibi, akahitimu chuoni Kurani yake, shule akaiacha darasa la nne kwa sababu mwalimu akisema Kireno yeye alisikia upepo tu. Mwaka huu yamekuja mafunzo ya umeme, anayemaliza anapata kazi, tukaenda kujaribiwa sote wawili, wengine wote ni watu wa mbali wasiojua Kiswahili, na mkufunzi, Germano, akamnyooshea kaka mkono akasema, “Ficha.” Shangazi, kwa Kireno ficha ni plagi ya umeme, alikuwa anaiomba, lakini kaka, aliyekuwa ameishika, akaitia mfukoni. Akaambiwa tena kwa sauti, “Ficha, ficha,” naye akaitoa mfukoni akaizamisha ndani ya shati, akimtazama yule mtu kwa utii kabisa. Wakamtoa, wakasema ni mwizi.

Mimi nilielewa na nikanyamaza, kwani pale natumia jina la baba mdogo na wananijua kama binti wa Pemba. Nafasi nimepata. Kaka anasema atakwenda Namoto kubeba mizigo ya wanaovuka mpaka. Nikifumba macho naota tuko wadogo, tunaongea chini ya maji, kila neno linapanda juu na kupotea. Je, niiache nafasi yangu, au ninyamaze yapite?

Zubaida


Marahaba, mwanangu. Pole, na sasa amka, epua huo wali.

Ukiiacha nafasi atapewa mtu mwingine, na kaka yako ataendelea kuitwa mwizi. Hukumwibia mtu. Ila usijidanganye kwamba ni akili yako tu iliyokupeleka hapo. Mngebadilishana nyumba baada ya msiba, leo hiyo plagi ingekuwa ndani ya mtandio wako, nawe ungeitwa mwizi. Jambo hilo limeniuma, na kimya chako kimeniuma zaidi.

Kesho asubuhi mchukue Shaweji mwende kwa Germano, usitume mtu. Mweleze lile neno, omba kaka yako ajaribiwe upya, wewe ukitafsiri. Huenda akakataa, wakubwa hawapendi kuambiwa wamekosea. Basi panda kwa mkubwa wake. Na jioni mfundishe kaka Kireno, hata akinuna, maana baba mdogo alikuwa mmoja na alikuchukua wewe.

Najua unachoogopa: wenzako watajua kwenu ni wapi. Wajue. Ukiingia pale usianze na Kireno. Mgeukie Shaweji kwanza, mbele yao wote, umwite kaka.