Kwangu Kula ni Yako, Mheshimiwa

Kwako Mama Simiyu,

Salamu nyingi kutoka huku Doha. Naomba barua hii ikukute mzima, na ile homa ya Simiyu iwe imeisha. Mimi mwili hauna neno, bado nalinda lango lile lile. Roho ndiyo haijakaa vizuri. Nimeshika karatasi kwa sababu umeniblok kila mahali, mtandaoni na hata laini ya kawaida. Mwenzangu wa Moi's Bridge anakuja likizo, ndiye atakuletea.

Nisikize kwanza, kisha ndiyo unikasirikie.

Siku ile Mheshimiwa (si hata hajachaguliwa, lakini mnamwita hivyo!) alikuwa laivu kutoka sokoni Mabanga. Nikakuona mbele kabisa, umevaa fulana ya kampeni. Ati sura yake kifuani pako! Unacheza, unacheka. Kicheko kile, Nekesa, mimi sijakisikia kwa simu tangu niondoke. Halafu akakuvuta mkono usogee karibu na kamera. Niliona wivu mpaka chai ikanishinda.

Kidogo ukatoa simu, nikaona umeandika pale chini ya video: "Mheshimiwa usijali, kwangu kula ni yako." Kwako wapi, bana? Si hiyo meko ya gesi nilinunua mimi? Nikamjibu hapo hapo, mbele ya kaunti nzima: "Mheshimiwa, kula kwa bibi yako, wacha wangu."

Jioni yake, Mswahili mmoja wa Mombasa tunayelinda naye akaniuliza nyumbani namuunga nani. Nikamwambia, "Kula yangu sijaamua." Alicheka mpaka akakaa chini. "Kura, ndugu yangu! Kura!" Hapo ndipo nilishtuka. Mimi mzaliwa wa Mabanga, ninayeita kura "kula" vile vile unavyosema, nilishindwa kukuelewa! Nikakimbia kufuta maneno yangu, lakini wapi.

Kaka yako ameniambia yaliyofuata. Wapinzani walikuwa wameyapiga picha maneno yangu kabla sijayafuta, wakaweka uso wako na sahani ya ugali, sasa inazunguka kwa magrupu kutoka Bungoma mpaka Saboti, ati Mheshimiwa anakula kwa bibi za watu. Sokoni wanakuuliza leo umempikia nini. Hiyo aibu nimekuletea mimi, si yeye. Nisamehe, mama.

Lakini sitakudanganya kwamba wivu umeisha. Bado uko. Kura mpe, ni haki yako, na fulana vaa. Akikuvuta mkono tena, kataa.

Nisalimie mama yangu, umwambie dawa ya miguu anayotumia isikatizwe. Msalimie kaka yako, fundi wa simu pale Kitale. Kama umesahau pa kubonyeza ili unifungulie, yeye anajua. Simiyu mwambie baba yake anajifunza kusema kura.

Nifungulie hata laini moja tu, Nekesa, unitukane. Nitasikiza mpaka umalize.

Ni mimi mume wako mwenye wivu,
Baba Simiyu