Nani Alizitoa Nyimbo za Korali

Jumapili, 1 Septemba

Kosa la wengi ni kuhesabu kila wimbo ulionakiliwa kuwa diski moja iliyokosa mnunuzi. Nimelisikia tena leo baada ya misa ya pili, nikiwa kwenye meza yetu mbele ya kanisa, katoni ya diski za korali, kwaya yetu, miguuni. Huu ni mwezi wa tatu tunauza. Leo wamenunua wawili. Bisimwa, mwongoza korali, aliwaonyesha kidole watu waliokuwa wakishuka ngazi.

"Bale bote biko nazo mu telefone. Batanunua nini tena?"

Ningemjibu hivi: aliyeuchukua wimbo bure si lazima angeununua. Wapo ambao wangenunua. Wapo ambao wasingenunua kabisa. Watenganishe kwanza, ndipo ulie. Nilifundisha uchumi miaka mingi. Darasani angalau wanafunzi waliandika.

Jumanne, 3 Septemba

Mazoezi. Hatukuimba sana. Bisimwa amegundua kwamba nyimbo zetu zinapatikana mtaani Kadutu, kwenye vibanda vya kupakia muziki. Unampa mwenye kibanda kadi ya kumbukumbu ya simu yako, anakujazia nyimbo unazotaka, kwa bei ya mkate.

Anasema ni Furaha aliyezitoa, kwa sababu shemeji yake ana kibanda. Ushahidi mwingine hakuna. Furaha ndiye anayetuongoza katika sauti ya kwanza. Mjane, mtu wa maneno machache. Alikana tu, "Haiko miye," akakaa.

Mmoja wa nyuma akasema, "Basi zilienda na miguu yazo." Wakacheka.

Mimi ni mshauri wa korali, mzee kuliko wote. Nikasema tusihukumu kwa shemeji. Walinisikiliza kwa heshima, kisha wakaendelea. Jumamosi watapiga kura ya kumfukuza.

Alhamisi, 5 Septemba

Niandike kwa nini jambo hili si dogo.

Mwanakorali akifiwa, sisi sote tunakwenda na sare. Tunaimba tangu nyumbani hadi kaburini. Asiye wa korali anazika na spika ya kukodi. Mama yake Furaha yuko kitandani, mtaani Cimpunda, tangu Pasaka, na dawa hazimsaidii tena. Aliimba katika korali hii kabla ya binti yake. Ombi lake limebaki moja: wenzake wamsindikize. Lakini kanuni inasema aliyefukuzwa anapoteza haki zote, na za nyumba yake pia.

Kwa hiyo kura si ya Furaha peke yake.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimepanda Kadutu kujionea.

Kwenye kibanda cha Mugisho kulikuwa na foleni. Nilimuuliza mama mmoja muuza mboga kutoka Mudaka kama angenunua diski ya nyimbo zetu.

"Nitaiweka wapi, papa? Mu sufuria?"

Watu wakacheka, na mimi pia. Nani ana mashine ya diski siku hizi? Lakini mwalimu mmoja nyuma yake akasema, bila kuona haya, "Miye nilikuwa nanunua. Sasa niko nayo bure." Mmoja upande huu, mmoja upande ule. Kwa hiyo, kwa swali la kama vibanda vinatuua, jibu langu ni kwamba sijui. Miaka yote ile ya ubao na chaki, na sijui.

Kisha Mugisho akanitambua. Yeye si shemeji wa Furaha, ni jirani yangu wa zamani, tangu nilipokuwa prefe, mkuu wa shule.

"Papa Prefe! Ile kadi yako ilileta batu sana. Mupaka batu ba Minova banakuja kuomba zile nyimbo."

Kadi yangu. Ndiyo. Mwezi wa saba nilimpelekea diski, kwa kuwa hata mimi sina mashine, nikamwomba anihamishie nyimbo kwenye kadi nizisikilize katika redio yangu ndogo. Nilidhani anahamisha tu. Sikuwa naijua kazi yao. Kila kinachoingia kinabaki kwenye kompyuta, na jioni vibanda vinabadilishana.

"Mutu akileta kipya tunabakisha," alinieleza kwa upole, kama mimi nilivyowaeleza wanafunzi. "Iyo njo kazi yetu."

Ni mimi. Nimerudi kwa miguu. Sikula.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimesema yote mbele yao. Siku, kibanda, kadi. Niliitoa mfukoni nikaiweka mezani.

Hawakuamini. Bisimwa alinishika bega. "Papa Prefe, tunajua roho yako. Usibebe muzigo ya wengine."

Nikasema Mugisho yuko tayari kuja.

"Ule mwizi? Atashuhudia nini?"

Wengine walinipigia makofi. Walidhani najitoa kwa ajili ya Furaha. Nilijaribu tena, nikieleza hatua kwa hatua, na kadiri nilivyoeleza vizuri ndivyo walivyozidi kuona kwamba nimeitunga hadithi. Mikono ikainuliwa. Mitano tu ilipinga afukuzwe, wangu pamoja.

Furaha alikuwa amekuja na sare ndani ya mfuko. Aliiacha juu ya kiti. Mlangoni akaniuliza, "Papa, kweli ilikuwa weye?"

"Kweli."

"Basi ungelisema mapema, mbele hawajanichukia."

Nilikuwa sijajua. Nilimwambia hivyo. Haikumsaidia kitu.

Jumapili, 8 Septemba

Furaha alikaa viti vya nyuma na waumini wengine. Wimbo wa kuingia ulianza chini mno, hakuna aliyeuinua. Mezani hatukuuza hata diski moja.

Alhamisi, 12 Septemba

Mgeni kutoka Minova. Anamwoza binti yake, anataka korali iende kuimba. Alisikia nyimbo zetu kwenye simu ya dereva. Bisimwa alimpokea kwa furaha kubwa, akakubali papo hapo. Mgeni akauliza, "Na ule mama wa sauti ya juu, atakuwako?"

Bisimwa alisema tutaona.

Nikamwambia pembeni: huyu amekuja kwa sababu ya kunakiliwa. Akasema ndoa ni ndoa, diski ni diski. Nimechoka. Nina hasira naye, nina hasira zaidi na mimi.

Jumapili, 15 Septemba

Diski: hakuna. Aliyeshtakiwa ameondoka wiki nzima sasa, na katoni haijapungua. Niliwaonyesha. Wakasema ni ubaya wa simu kwa jumla. Hakuna aliyesema tumrudishe.

Jumatano, 18 Septemba

Mama yake Furaha amefariki alfajiri. Mvua tangu usiku.

Nimekwenda kwa Bisimwa. Hakunitukana. Alisema tu kwamba kanuni ni kanuni, na kama wakiivunja leo, kesho kila mtu atatoa nyimbo. Watatu wa korali wameniambia watakwenda kukaa na wafiwa, kwa nguo za kawaida, bila kuimba. Wanaogopa. Siwalaumu.

Mazishi ni saa tisa. Nimejaribu sauti jikoni. Besi, inakwaruza, pumzi fupi. Haitoshi kwa korali.

Leo: vaa viatu vya mvua, panda Cimpunda kabla ya saa tisa, umwimbie.